Dawa Hunywa Aliyebaki

Jumamosi moja ya mwaka 1973, saa mbili asubuhi, Imakulata alimpima shangazi yake kwenye mizani ya tumbaku ya chama cha ushirika, akaandika kilo kumi na nne na nusu. Kisha akamwomba afungue mawe aliyoyafunga kwenye pindo za kanga, akaandika kilo tisa. Karani wa mizani, Twalibu, aliwaambia wafanye haraka, kwani wenye tumbaku walikuwa wakisubiri.

Imakulata alikuwa mwanafunzi wa famasi kutoka Dar es Salaam, amepangiwa miezi sita ya mafunzo ya vitendo katika ofisi ya vyumba viwili pale Kanyenye, Tabora mjini. Ofisi hiyo ilitafuta dawa za wanaanga. Wazungu waliotaka kukaa angani miezi na miezi walikuwa wamegundua kwamba huko juu mifupa ya mtu huliwa kidogo kidogo kama nguzo iliyoingiwa na mchwa. Mmoja wao alikuwa amesoma mahali kwamba wapagazi wa Kinyamwezi walitembea hadi pwani na kurudi na mizigo begani, na mifupa yao haikuwa na neno, kwa kuwa walikuwa na dawa ya safari. Daktari Damas, mkuu wa ofisi, alipouliza nani anaijua dawa hiyo, Imakulata alinyoosha mkono. Kiherehere cha mwanafunzi anayetaka alama.

Shangazi yake, Tekla, ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufariki, katika kijiji cha ujamaa kilicho njia ya Isikizya, kando ya barabara ya zamani ya misafara. Alitoa mizizi bila kutaja jina la mti. Ikasagwa, ikafanywa vidonge, na mwanaanga mmoja akapanda navyo angani. Baada ya wiki mbili telegramu ikafika: mifupa inazidi kuliwa.

Shangazi alicheka huku ameshika fremu ya mlango, maana tangu siku nyingi akicheka sana miguu yake ilikuwa ikiinuka kutoka chini.

"Mmempa yeye?" akasema. "Dawa ya safari hainywi msafiri, mwanangu. Hunywa aliyebaki nyumbani. Uzito wake ndio unaomfuata mtu njiani."

Kijijini hilo halikuwa geni. Nyanya wa Tekla aliwanywea wapagazi watatu kwa mkupuo, mume na kaka zake wawili, mpaka asubuhi moja akapaa akiwa anatwanga. Watu walichimba kaburi, wakalifukia tupu, wakakaa matanga kama kawaida. Uzito ulikuwa na njia moja tu ya kurudi: msafiri aje, ale ugali wa aliyemnywea, aseme, "Safari yangu imekwisha." Wengi walirudi na wakala. Waliosema walikuwa wachache.

Daktari Damas aliuliza kwa telegramu kama mke wa mwanaanga angekubali kunywa. Akajibiwa kwamba sheria za kwao haziruhusu kumjaribia dawa mtu mzima wa afya. Basi akaombwa Shangazi Tekla, kwa kuwa alikuwa na uzoefu: mumewe, Shilinde, alikwenda kukata mkonge Tanga mwaka 1951, naye alikuwa akimnywea tangu hapo. Siku alipoanza kumnywea mwanaanga alikuwa na kilo ishirini na nane.

Mifupa ya mwanaanga ikaacha kuliwa. Kwenye shamba la kijiji shangazi alipalilia karanga akiwa na kamba kiunoni, ncha ya pili kaishika jirani yake Veneranda. Balozi wa nyumba kumi alimwandikia nusu siku, kwa hoja kwamba muda aliokuwa hewani hakulima.

Fomu ya ofisi ilikuwa na mstari mmoja wa mgonjwa, na hapo palikuwa na jina la mwanaanga. Imakulata aliandika jina la shangazi yake chini yake. Daktari Damas, ambaye hakuwa mtu mbaya, alilikata kwa rula na kulihamishia ukurasa wa vifaa, kati ya majiko mawili na kinu.

"Wakiona wagonjwa wawili wataufunga mradi," alisema. "Nawe utarudia mwaka."

Imakulata aliona uchungu, na aibu pia. Hata hivyo aliunakili ukurasa ule upya kwa mwandiko mzuri.

Jumapili, siku moja baada ya kumpima, alikwenda kijijini na daftari la hesabu. Alimwamkia shangazi shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaketi. Mwanaanga alikuwa amebakiza siku ishirini, kila siku nusu kilo. Hizo ni kilo kumi, na shangazi alikuwa na tisa.

"Acha kumnywea, shangazi."

"Mtoto wa watu yuko juu, nimwache njiani?"

"Basi mwache Mzee Shilinde. Nassibu wa lori amemwona Muheza. Ana mke na watoto saba."

"Mifupa yake?"

"Anabeba magunia mawili."

"Dawa nzuri," shangazi alisema, na uso wake ukaonyesha ameridhika.

Imakulata alirudi kwenye daftari. Kadi ya dispensari ya misheni ya mwaka 1951 ilisema kilo sitini na moja. Shilinde alichukua kilo moja kwa mwaka, jumla ishirini na mbili. Zingebaki thelathini na tisa, lakini mwanaanga alimkuta na ishirini na nane. Alipiga hesabu mara tatu.

"Kuna kilo kumi na moja sioni zilikokwenda."

Shangazi alikuwa akichagua maharage. Hakuinua macho.

"Ulikwenda shule ya bweni mwaka gani?"

"Sitini na mbili."

"Umewahi kuugua?"

Hakuwahi. Mwaka ambao bweni zima lililazwa kwa surua, yeye ndiye aliyegawa uji.

Shangazi hakuomba kitu. Alisonga ugali huku Veneranda amemshika kiuno, akaupakua, akamkaribisha. Imakulata alikula. Alijua vema kwamba kilo kumi na moja zikirudi zingemtosha shangazi kubaki chini, na kwamba maneno yenyewe yalikuwa matatu. Mafunzo yalikuwa yamekwisha, chuo kilikuwa kinafunguliwa Jumatano, na ilibaki miaka miwili ya masomo.

"Ugali mtamu, shangazi," alisema.

"Kula ushibe, mayo, mama yangu."

Jioni alikagua mafundo ya kamba kwenye nguzo ya nyumba, akapanda treni.

Baada ya wiki tatu redio ilitangaza kwamba mwanaanga ameshuka na kutembea kwa miguu yake mwenyewe. Ripoti ya mafunzo ilipata alama ya juu. Ilisema dawa haina madhara kwa mgonjwa. Kisha ikaja barua ya Veneranda. Kamba imeungwa na nyingine, sasa ni pima kumi na mbili, na dawa shangazi yako anapandishiwa kwenye kopo. Siku ya upepo huwa hasikiki vizuri. Anakusalimu sana na anauliza kama unakula.

Imakulata alijibu siku hiyohiyo. Alianza kama watu wote waanzavyo barua: Mimi huku ni mzima wa afya, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Akaisoma tena, hakuona cha kubadilisha, akabandika stempu na kuipeleka posta kabla ya kipindi cha saa nane.