Mama Mkwe wa Makontena

Ebo Turkson alikosa sherehe ya kumtoa nje mwanawe wa kwanza, Ekow, kwa sababu ya kompyuta. Ndugu zake walikuwa Takoradi wakimpa mtoto jina, yeye yuko ofisini kwetu Accra anafufua mtambo ulioanguka. Tangu siku hiyo mkewe, Baaba, akimtaja humwita "yule mgeni".

Sasa alikuwa amezaliwa binti, Ama, na Jumamosi alfajiri ilikuwa zamu yake.

"Dada Araba, safari hii nisipofika, mimi sina nyumba," Ebo aliniambia.

"Utafika. Na mimi nitakuja kula."

Mtambo wetu unapanga foleni za kliniki. Programu zake zimefungashwa kwenye makontena, na makontena hayo yanaendeshwa na kundi la kompyuta. Likianguka moja, Ebo hulisimamisha kwa mkono. Mikono anayo, sikatai. Ugonjwa wake ni kutengeneza kwanza na kuandika baadaye, na hiyo baadaye sijawahi kuiona. Mali bila daftari hupotea bila habari, nimemwambia hadi nimechoka.

Tukatafuta programu huria, za bure, za kuyaendesha na kuyalinda makontena bila yeye kuwepo. Zikabaki mbili. Ebo alipenda ile yenye skrini ya rangi, unagusa kitufe kontena linazaliwa. Tukaiita Bwana Harusi. Mimi nilipenda isiyo na sura. Hiyo unaiandikia kwenye faili jinsi kundi linavyotakiwa kuwa, halafu yenyewe inapita kila dakika chache kukagua, na ikikuta kitu hakifanani na maandishi, inakirudisha. Mlangoni imeweka mlinzi, kontena lisilo na muhuri wetu halipiti. Hiyo ndiyo Mama Mkwe.

Jumatano tulizipa kila moja kundi la majaribio, nami nikatuma kontena geni kote kuwili. Mama Mkwe alilifukuza. Bwana Harusi alilikaribisha, kisha akatuletea ripoti nzuri kwamba kuna mgeni ndani.

"Mwizi keshakula, ndiyo unaletewa picha yake ya rangi!" nilicheka.

"Lakini ripoti si unaiona ilivyo safi?" Ebo alijitetea.

Kesho yake nimeshika waakye yangu, wali na kunde za moto, nikasikia ukelele.

"Tumeingiliwa! Dada Araba, kuna mtu ndani!"

"Anafanya nini?"

"Naliongezea kontena kumbukumbu, anapunguza. Naongeza, anapunguza! Nimebadilisha nywila, bado yumo!"

Nikatazama skrini. Ilikuwa upande wa Mama Mkwe.

"Umeandika kwenye faili?"

"Nimeandika."

"Ebo."

"Nitaandika."

"Basi hakuna mwizi. Ni mama mkwe wako anapanga nyumba."

Aliandika amenuna. Mama Mkwe akasoma, akaongeza kumbukumbu, na safari hii ikabaki.

"Dada, kizee hiki kina kiburi," Ebo alisema. "Lakini kinashika neno."

"Basi tumchukue yeye."

Hapo ndipo uso ulipombadilika. Katika mtambo halisi, marekebisho yake ya miaka yote yalikuwa kichwani mwake tu. Tukimweka Mama Mkwe pale, kila kisichoandikwa angekifuta, na kliniki zingekwama asubuhi ile ile ya Ama.

"Basi mimina kichwa chote," nilimwambia. "Ukificha kimoja, kitakufuata Takoradi."

Ijumaa nzima aliandika. Sijawahi kumwona Ebo akikaa kitako hivyo, na nilimwonea fahari. Alasiri tukamkabidhi Mama Mkwe mtambo, tukapanda basi.

Alfajiri tulikuwa uani kwa baba yake Ebo, nguo nyeupe zimejaa. Mzee alimpakata mtoto, akachovya kidole kwenye maji, akamgusa ulimi.

"Ama, ukisema ni maji, yawe maji."

Simu ya Ebo ikatetemeka mfukoni. Mkono ukaenda. Baaba akamtazama mara moja tu, na mkono ukasimama njiani. Ebo akaitoa simu bila kuiangalia, akanipa mimi.

"Nimeandika yote," alinong'ona.

Mzee akachovya kwenye pombe kali, maana kwetu ndivyo mtoto anavyofundishwa kusema kweli. "Ukisema ni kileo, kiwe kileo."

Nikasoma. Kontena la kliniki moja lilikuwa limeanguka. Chini yake kulikuwa na ujumbe wa pili: limesimamishwa tena, kama lilivyoandikwa. Nilifurahi nikakaribia kupiga kigelegele kabla ya wenye sherehe.

"Ulisema kweli," nilimnong'oneza.

Sidhani alinisikia. Ama alikuwa amekunja uso kwa ile pombe, watu wanacheka, na Baaba alikuwa ameshamchukua kutoka kwa mzee, anamsogeza kwa mumewe.

"Baba Ekow," alimwambia, "shika mwanao."