Chumba Nyuma ya Kabati la Vyombo

Kila Jumamosi asubuhi Obdulia Cebrián alisogeza kabati la vyombo akasugua kuvu ya ukutani kwa brashi na maji ya dawa. Kuvu ilirudi kila wiki, naye alikuwa ameshaacha kuichukia. Walikaa ghorofa ya tano, jengo lisilo na lifti, mtaa wa La Florida, kule Hospitalet, ambako ukipiga chafya majirani wa jengo la pili wanakutakia afya. Kwenye chumba pekee cha kulala walilala binti yake Noelia, mkwewe Rubén na mapacha wao wa miaka saba. Obdulia alilala sebuleni kwenye kochi. Baba yake, mzee Casimiro, alilala hapo hapo kwenye kitanda cha kukunja kilichoingia nusu chini ya meza, kwa hiyo chakula cha jioni kililiwa juu ya miguu yake.

Jumamosi ya pili ya mwezi Machi, mahali pa kuvu palikuwa na mlango.

Obdulia alimaliza kwanza kusugua pembeni, kisha akaufungua. Ndani mlikuwa na chumba cheupe, kikubwa kuliko sebule, chenye dirisha moja, na nje ya dirisha hakukuwa na jengo. Kulikuwa na shamba la shayiri na upepo. Kwa kweli, pale palitakiwa kuwa jiko la Teodora wa jengo la pili. Obdulia akaenda kwenye dirisha la uani akamwita, akamuuliza kama amepungukiwa na kitu.

"Mimi? Hata sufuria sijapungukiwa," Teodora akasema. "Ila nikikaanga samaki usije ukalalamika."

Mchana walilijadili jambo hilo wakila dengu.

"Mama, mimi na Rubén ni watu wa ndoa," Noelia alisema. "Miaka saba tunanong'ona kama wezi."

"Na watoto wanakua," Rubén akaongeza, macho kwenye sahani.

Mzee Casimiro akakohoa. Alikohoa mpaka vijiko vikalia. Daktari alikuwa amesema alale penye dirisha la kufunguka vizuri. La sebuleni lilifunguka kiasi cha kiganja, kisha likagonga bomba.

Obdulia hakusema alichokitaka yeye. Alikuwa amefagia ofisi za watu miaka arobaini, na katika miaka hiyo hakuwahi kulala mahali ambapo angeweza kujifungia mlango. Asubuhi ile alikuwa amejifungia mle chumbani, akahesabu mpaka mia, na utamu alioupata ulimtia aibu.

"Atalala baba," akasema.

"Nilijua. Haya, ndoa yangu ikafie kabatini," Noelia akajibu, akainuka kwenda kumtandikia babu yake.

Siku ya tatu kikohozi kilikwisha. Wiki ya pili mzee akaanza kutoka kupitia dirishani, maana shamba lilikuwa usawa wa sakafu, akawa anarudi saa ya chakula na udongo kwenye viatu. Alisema ardhi ni nzuri, lakini aliyepanda alichelewa.

Mwezi Mei dalali wa mwenye nyumba alikuja kukagua mtambo wa maji moto. Alipopata pumzi baada ya zile ngazi, akaona mlango. Alikipima chumba kwa kile kifaa chao cha mwanga mwekundu, akapima tena.

"Hiki hakimo kwenye mkataba wenu."

"Hakikuwepo," Obdulia akasema.

"Ndiyo maana hakimo."

"Bwana, mzee ni mgonjwa."

"Mbona naona amepona?" dalali akasema, na ilikuwa kweli.

Rubén alikwenda kwa wakili wa chama cha mtaa. Wakili, bila kuinua kichwa, alimwambia hicho ni chumba cha sita mwaka huu katika barabara ile, na vyote vilikuwa mali ya wenye majengo.

Wapangaji wapya wa chumba hicho waliingia Juni: msichana aitwaye Yolvi, mumewe, mama mkwe, mtoto mchanga na mashemeji wawili, wote watu wa Huánuco, ng'ambo ya bahari. Walipita sebuleni na masanduku, na baada ya hapo walipita kila walipokwenda kazini, jikoni au msalani. "Samahani, mama. Samahani, babu." Walikigawa chumba kwa mapazia. Kitanda cha ghorofa kilikosa pa kukaa ila mbele ya dirisha, na dirisha halikufunguka tena.

Mzee alirudi chini ya meza. Kikohozi nacho kikarudi. Alifariki Agosti, adhuhuri, televisheni ikiwa inaendelea. Kwa jinsi ngazi zinavyopinda, wachukuzi walimshusha amesimama.

Septemba maziwa yalimwagika, Obdulia akavuta friji ili apige deki. Nyuma yake palikuwa na mlango. Chumba hiki kilikuwa chembamba, hakina dirisha, kina kiti kimoja. Aliingia akafunga. Kwa muda aliwasikia wote kumi: maji ya choo, mtoto, ugomvi wa zamu ya bafu. Baadaye hakusikia kitu. Alikaa mpaka miguu ikafa ganzi.

Alipotoka aliisukuma friji mpaka ikagusa ukuta.

"Ulikuwa wapi?" Noelia aliuliza akiwa kwenye mlango wa jikoni. "Nimekuita mpaka sauti imekauka."

"Jikoni."

"Jikoni nimetazama, mama."

"Basi hukutazama vizuri."

Yolvi aliingia na chupa ya mtoto, akitaka kupasha maziwa. "Samahani, mama," akasema, na Obdulia akaubana mgongo kwenye friji ili msichana apite.