Vuta Kabla ya Kuwasha

Verlin Stuckey alizima hita ya gereji, akatoa fyuzi ya pampu ya mafuta, kisha akawasha injini ya ambulensi na kuiacha ikohoe hadi ikazima yenyewe. Ndipo akavaa miwani, akafunika kiungo cha zamani cha bomba la mafuta kwa tambara na kukifungua. Petroli ikatoka tone tone tu. Bomba lenye presha halimjui mtu, na macho yake alikuwa bado anayahitaji.

"Mzee, bado?" Dereva, Ladonna, alisimama mlangoni, theluji mabegani. "Kuna mama ana uchungu barabara ya Miller."

"Nimesikia."

Hatcher, mkuu wa kituo, akatoka ofisini, simu mkononi. "Mpira mpya si huo? Chomeka, gari liondoke."

Verlin akachomeka. Tak. Wote walisikia.

"Umeingia," Hatcher akasema. "Washa."

"Sijavuta kuona kama kiungo kimeshika."

"Umesikia tak. Unataka na ngoma?"

Mke wa Verlin, Oneta, alifia ndani ya ambulensi iliyozimika njiani, na wakubwa wa kaunti wakaleta maua. Maua hayawaishii. Mabomba mapya ndiyo hawana. Kila baridi wanamwaga chumvi barabarani, inatafuna magari kwa chini, halafu wanashangaa.

Verlin akakishika kiungo, akavuta. Kikamfuata mkononi kama kijiko kwenye uji.

Ladonna akapiga mluzi. "Kingechomokea njiani, injini imeshika moto, na mzazi yuko nyuma."

"Kutu," Verlin akasema, akipapasa ncha ya bomba. "Imekizuia kufika mwisho. Bosi, waite watu wa ambulensi wa kaunti jirani waanze kuja. Ladonna hatoki na hiki."

"Unaniamuru?"

"Nakuomba kwa sauti kubwa."

Hatcher alimtazama, kisha akapiga simu. Verlin akasugua kutu kwa msasa laini. Chuma chini yake kilikuwa kizima, hakijachimbika. Akapaka oili safi kidogo, akasukuma. Tak. Akavuta, kikagoma. Akavuta tena kwa hasira, kikagoma vilevile. Alirudisha fyuzi, akazungusha ufunguo bila kuwasha injini, pampu ikanguruma, naye akamulika kiungo kwa tochi. Pakavu.

"Nenda, binti."

Ambulensi ikatoka ikirusha theluji. Hatcher bado alikuwa na simu sikioni. "Wa jirani wameshaanza safari. Niwarudishe?"

"Waache waje," Verlin alisema, akifuta mikono. "Sijasikia mzazi analalamika ambulensi zimekuwa nyingi."