Sufuria ya Mzazi

Sufuria ilikuwa ingali motoni simu ilipolia. Mkwewe, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu aliyezoea kusema kwa sauti ya kushindana na mashine zake, alinong'ona maneno matatu tu: "Mama, mtoto hakulia." Mama mkwe akajibu upesi, "Atalia, msugueni mgongo," kana kwamba jambo lile lilikuwa bado lina mlango wa nyuma. Kisha akamsikia mwanamume mzima akiangua kilio upande wa pili, akaelewa. Alizima jiko. Hakukumbuka hata kufunika sufuria.

Mtaa mzima ulimwita Mama Supu. Kwa miaka thelathini hakuna mwanamke aliyejifungua katika majengo manne ya mtaa ule asiyeonja mkono wake. Sharti lake lilikuwa moja: supu ya mzazi haibandikwi kabla ya uchungu kuanza, wala haicheleweshwi ukishaanza. Kubandika mapema ni kumtandikia kitanda mgeni ambaye hajapiga hodi. Kuchelewa ni kumlaza mzazi na njaa. Mifupa ya miguu ya ng'ombe iliyopasuliwa, saa sita za moto mdogo, tangawizi, vitunguu saumu, pilipili manga. Na saa ya nne ikifika, vijiko viwili vya uwatu, ule wa kuteremsha maziwa. Bakuli la kwanza alilipeleka mwenyewe, akasimama kando ya kitanda hadi liishe. Akina baba waliokuja jikoni kunusanusa aliwapa nusu kikombe na swali: "Na wewe umejifungua nini?"

"Maziwa yalishuka kama bomba lililopasuka, Mama Supu!" wanawake walimwambia, naye alizipokea sifa hizo bila haya wala unyenyekevu wa kujilazimisha. Mwamba ngoma huvutia kwake, na ngoma yake yeye ilikuwa ile sufuria.

Safari hii aliyejifungua alikuwa binti yake wa pekee, baada ya miaka saba ya kungoja. Mtoto wa kike, uzito kamili, nywele tele, kucha zimetimia. Alizikwa alasiri ya siku ileile. Kesho yake binti aliletwa nyumbani kwa mama yake, kwa sababu chumbani kwake mwenyewe kulikuwa na kitanda kidogo cha chuma ambacho mumewe alikichomelea kwa miezi mitatu, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kukiondoa.

Supu ilikuwapo. Angeweza kuimwaga. Lakini binti amepoteza damu nyingi, alijiambia, na nguvu ni nguvu. Akaipasha moto, akaipeleka. Binti, ambaye tangu hospitali hakuwa ametia kitu kinywani, alikunywa. Alimaliza bakuli la kwanza, akamaliza la pili, akimeza kwa utiifu wa mtoto aliyechoka kulia. Mama alipokuwa anateka la tatu, aliona punje za uwatu kwenye upawa, zimevimba, zimelegea. Mkono wake ulikuwa umezitia wenyewe, saa ya nne, dakika chache kabla ya simu. Mkono uliozoea hauulizi.

Alisimama na upawa hewani. Angeweza kusema. Lakini mwanawe alikuwa anakula, na hicho ndicho kitu pekee kilichokuwa kikienda sawa katika dunia nzima. Akachukua chujio, akaichuja supu ile mpaka haikubaki punje hata moja, akapeleka bakuli.

Siku ya tatu, asubuhi, aliitwa kwa sauti ya chini.

"Mama."

Binti alikuwa ameketi kitandani. Kifua cha gauni lake kilikuwa kimelowa mabaka mawili, na alikuwa akiyatazama kama mtu anayesoma barua iliyokosewa anwani.

"Ulitia uwatu?"

"Nilitia kabla sijajua, mwanangu."

"Na ulipojua?"

Mama aliinama, akaokota bakuli tupu kando ya kitanda. Binti alijilaza, akageukia ukutani.

Mkunga alipita siku hiyo kumwangalia. Mama Supu alimvutia jikoni, akamweleza kila kitu, hata lile chujio. Mkunga akamshika mkono.

"Mama yangu, usijitese. Maziwa yangekuja tu, hata kama ungempa maji matupu. Mwili haupelekewi habari za msiba."

Yalikuwa maneno ya kweli, na yalimpita kando. Kwa miaka thelathini alikuwa amepokea sifa ya maziwa ya wanawake wengine. Leo angekataaje lawama ya maziwa haya?

Tangu hapo binti hakula chochote kilichopita mkononi mwa mama yake. Alikula mkate mkavu alioletewa na mumewe, na chai aliyoichemsha mwenyewe kwa kujikokota. Matiti yalimuuma hata shuka likimgusa anashtuka. Mama alimlowekea vitambaa vya maji baridi, akavisukuma ndani kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo, kama anavyolishwa mfungwa. Majirani waliokuja kuwapa pole waliuliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" Walikosa jina la kumwita. Neno mzazi lilikuwepo, ila hakuna aliyethubutu kulitamka.

Siku ya sita mlango uligongwa. Alikuwa mume wa mshonaji nguo wa ghorofa ya chini, jasho linamtiririka.

"Mama Supu! Uchungu umemwanza! Bandika!"

"Jiko limezimika."

Kijana wa watu alicheka, akidhani ni utani wake wa siku zote. Kisha akamtazama usoni, kicheko kikamkauka, akaomba radhi na kushuka ngazi kwa ncha za vidole. Mama Supu alirudi jikoni, akaifudikiza sufuria chini ya karo, akaketi juu ya kigoda. Alijua kwamba yamekwisha. Si supu tu. Alijua kuwa kuna mambo ambayo mtoto humsamehe mzazi wake, na kuna mengine ambayo huyazoea tu, nao wawili wataishi hivi, wakipishana ukumbini kama wapangaji, hadi mmoja wao afe.

Siku ya tisa alikuwa anapangusa meza isiyo na uchafu alipohisi mtu nyuma yake. Binti alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, miguu mitupu, ameegemea fremu.

"Yanakauka," alisema.

"Afadhali, mwanangu." Pumzi zilimshuka mama. "Afadhali, utapumzika."

"Si afadhali."

Bomba la karo lilidondosha tone, likadondosha jingine.

"Mume wangu amekikata kile kitanda," binti alisema. "Amekifanya vipande, hata sijui amevipeleka wapi. Nguo za mtoto amezichukua wifi. Picha hatukupiga. Watu wananiambia nitapata mwingine, kana kwamba nimepoteza mwavuli." Alijigusa kifuani kwa kiganja kilichofunguka. "Haya maziwa ndiyo tu yanayojua kwamba alikuja. Nipikie, mama."

Mama alitaka kumwambia alichosema mkunga. Alitaka kumwambia kwamba hakuna mfupa wala mbegu ya kuyazuia yasiondoke, kwamba yataondoka wiki hii au ijayo, na kwamba yeye hataweza kumtazama akiyangoja. Badala yake alipiga magoti, akaitoa sufuria chini ya karo, akaanza kuisugua ilhali ilikuwa safi.

Ndipo sauti ikapanda kutoka ghorofa ya chini, nyembamba, yenye hasira: mtoto wa mshonaji. Mama aligeuka haraka kufunga dirisha.

"Liache," binti alisema. Rangi ilikuwa imemtoka usoni. Alikuwa amejikumbatia kifua, na kati ya vidole vyake kitambaa kilikuwa kinalowa taratibu. "Yule mshonaji ulimpelekea supu?"

"Nilikataa."

Mtoto alilia, akalia, kisha akanyamaza ghafla, kama anyamazavyo mtoto aliyepewa alichotaka. Binti aliendelea kusikiliza muda mrefu baada ya hapo. Hatimaye akavuta kigoda, akaketi, akanyoosha mkono na kuliteremsha mwenyewe kopo la uwatu kutoka rafuni, akalipakata.

"Weka maji ya wazazi wawili," alisema.

Mama alifungua bomba.