Mbwa wa Rangi Zote

Habari hii ya mbwa wa Namawala hakuna awezaye kuisimulia kwa uhakika kama inavyosimuliwa hapa, maana waliokuwepo wote waliapa kufunga midomo, na anayeisimulia siku hiyo alikuwa Mlimba kwenye msiba.

Basi Eveline alifika asubuhi kwa bodaboda kutoka Ifakara, matope mpaka magotini, begi la chuo mgongoni. Alikuwa anasomea shahada ya pili ya magonjwa ya kuambukiza, yale ambayo mnyama humpa binadamu, na binadamu naye, akikosa adabu, humrudishia mnyama. Kazi aliyopewa na msimamizi wake ilikuwa nyepesi kuitamka: mtu akiumwa na mbwa, mtafute mbwa. Ukimkuta mzima, shukuru. Ukimkuta na kichaa, watafute na wengine aliowauma, upesi, kabla hawajaanza kuogopa maji. Wakishafika huko hakuna tena dawa, kuna fundi wa jeneza.

Safari hii aliyeumwa alikuwa mzee Fulgensi, mwenyekiti wa jumuiya ya Kikatoliki pale mtaani, mtu anayevaa koti hata akienda kufukuza ndege shambani. Muuguzi wa zahanati alimchoma chanjo ya kwanza, kisha akampigia Eveline simu. Ilikuwa kesi yake ya kwanza bila mtu wa kumshika mkono, na njia nzima alikuwa akirudia maswali yake moyoni kama mtoto anayekwenda komunyo ya kwanza.

Alimwamkia mzee, akaitikiwa vizuri, akaletewa kigoda. Mzee alimweleza kwamba Jumamosi, sala za jumuiya zilipokwisha tu, mbwa mweusi asiyejulikana alitokea kwenye majaruba ya mpunga, akamuuma mkono wa kulia, akakimbilia upande wa mtoni. Eveline alifurahi, kisha akaona haya kufurahi. Mbwa mgeni, hakuchokozwa, ameuma na kuondoka: kama vile darasani.

Alikwenda kwa jirani, mama Bibiana, aliyekuwa kwenye sala hizo. Mama Bibiana alimwona mbwa kwa macho yake mawili, alikuwa mweupe. Nickolaus, katekista, alisema wa kahawia, mwenye sikio moja. Alipoulizwa sikio la upande gani alifikiri kidogo, akasema huenda yalikuwepo yote, ila moja alilikunja. Sylvanus, naye mwanajumuiya, alikuwa anaanika mpunga. Yeye alianza kwa kumuuliza Eveline wenzake wamesema rangi gani, kisha akasema wake alikuwa wa kijivu.

Binti wa watu alikaa kwenye tuta la jaruba, kichwa kimejaa nyuki. Ama kulikuwa na mbwa mmoja na watu wasioona, ama kulikuwa na mbwa wanne, wote wana kichaa, wote katika mtaa mmoja, na watoto wa shule hupita humo humo majarubani asubuhi na jioni. Alimpigia msimamizi wake. Msimamizi akasema wanne ni mlipuko, hakikisha kwanza. Ahakikishe vipi, hakusema.

Alirudi kwa mzee Fulgensi, akaomba kuliona jeraha. Mzee alilalamika kwamba bandeji ni mpya, mwishowe akaifungua. Ubavuni mwa kiganja, chini ya kidole kidogo, palikuwa na alama mbili zilizopinda, moja huku na moja kule, na katikati ya moja palikuwa na pengo. Eveline aliutazama mkono mpaka shingo ikamuuma. Mbwa huuma kwa chonge, akatoboa, akachana. Hapa hapakuwa na tundu wala mchaniko. Akawaza tumbili. Akawaza kondoo. Akajiuliza kama siku ile ya somo la meno alihudhuria kweli au alisaini tu akatoka.

Mlangoni akatokea bibi Edna, mke wa mzee, amebeba birika. "Mjukuu wangu," akasema, "ungeanza kwa kumuuliza habari ya yule chatu."

Mkono wa mzee ulichomoka, bandeji inaning'inia, ukaelekea mdomoni kwa mkewe. Katikati ya safari ulikumbuka kitu, ukarudi magotini haraka. Mzee akasema chai inapoa. Eveline hakuelewa chatu ameingiaje, na alikuwa na mbwa wa kumtosha. Akawaeleza hofu yake: wakiwa wanne, itabidi mwenyekiti wa kijiji atangaze mbwa wote wafungwe, wanaozurura wauawe, na shule iarifiwe.

Mzee aliona maneno yake yanavimba kuliko mkono. Akaamua kuyapunguza. Akamsogelea na kumnong'oneza kwamba mbwa alikuwa mmoja tu, naye si mgeni, ni Sukari, mbwa wa mkewe, yule pale chini ya ghala la mpunga. Alificha ili asimwaibishe mama. Eveline alipumua. Akauliza, je, anatoka mate? Anatoka. Anayumba? Kidogo, hasa jioni. Anaogopa maji? Mno. Mzee ni mtu wa heshima, hapendi kumjibu mgeni hapana.

"Basi, babu, hakuna namna," Eveline akasema, simu tayari sikioni. "Daktari wa mifugo aje amuue, kichwa tukipeleke maabara Ifakara."

Birika likasimama hewani.

"Kichwa cha nani?" bibi Edna akauliza.

"Cha Sukari, bibi. Pole sana."

Bibi alimtazama mumewe. Mumewe alikuwa anakagua mabati. Sukari, kusikia jina lake, aliinuka, akajinyoosha, akaenda kwenye ndoo ya bata, akanywa maji mpaka bata wakalalamika. Kisha akapiga mwayo mpana, na chonge zake zikaonekana zote, ndefu, safi, kama za picha ya kitabuni. Eveline alimtazama mbwa, akautazama mkono wa kulia wa mzee. Simuni daktari wa mifugo alikuwa anauliza aje na pikipiki au gari. Eveline akaishusha simu magotini.

Bibi Edna akaweka birika chini, akaketi.

"Niliapa mbele ya jumuiya nzima kwamba sitasema ni nani," akasema. "Na sisemi."

Akachukua pera kwenye ungo, akalifuta kwa kanga, akaling'ata mara moja, kwa utulivu, kama mtu anayegonga muhuri. Akaliweka juu ya meza chini ya pua ya Eveline. Kisha, huku akitafuna, akasimulia ya chatu. Mwenyekiti wa jumuiya alikuwa akijisifu kwa wanajumuiya kwamba amemuua chatu jarubani, amempiga kwa jembe mpaka jua likapanda. "Mimi nikaenda kumtazama huyo chatu. Alikuwa na kiraka. Tyubu ya baiskeli, mjukuu wangu. Sasa Jumamosi nilikuwa ndiyo nawasimulia wenzangu, nimefika kwenye kiraka, mtu akaniziba mdomo kwa kiganja. Hapo naishia, nisivunje kiapo."

Eveline akainama juu ya pera. Alama mbili zilizopinda, moja juu na moja chini, na katikati ya ile ya juu, pengo. Chuoni walisoma panya, popo, ng'ombe na nyani, mlango kwa mlango. Kwa bibi Edna walikuwa hawajafika. Simuni daktari wa mifugo alikuwa anaita haloo, haloo. Akamwambia asubiri kidogo.

"Babu," akasema, "naomba uweke mkono hapa karibu na pera."

Mzee Fulgensi akakohoa. Akavuta koti lake vizuri, akajisogeza mezani, na kwa heshima zote akauweka mkono wake wa kushoto.