Barua Iliyofungiwa Njugu

Dalmas Oloo hakuwahi kupoteza karatasi, na alihakikisha kila mtu anajua. Kwa miaka ishirini na saba alitunza nyaraka za serikali katikati ya jiji, akipanda kutoka karani hadi naibu mkurugenzi, na kila aliyekuja kutafuta faili alihubiriwa kwanza: "Karatasi haipotei, bwana. Ni watu hawajui kuandika ilikoenda." Alichosha, Mungu anajua.

Mwaka 2006 kiti cha mkurugenzi kikabaki wazi. Usaili ulikuwa Jumatatu, na kila mwombaji alitakiwa kuleta barua yake halisi ya kuajiriwa mara ya kwanza. Jumamosi asubuhi, nyumbani kwake Mountain View, Oloo alivuta faili lenye jina lake. Lilikuwa tupu.

"Mama Ivyne! Nani ameguza faili yangu?"

Mkewe, Selpher, alitoka jikoni akijipangusa mikono, bila haraka. "Ni wewe, Baba Ivyne."

Akambandulia waraka kwenye mlango wa friji. Oloo mwenyewe aliuweka hapo Januari, na mhuri juu, utadhani nyumba ni wizara: karatasi zote zilizozidi miaka ishirini na tano ziondolewe, na kila itakayoondolewa iandikwe kwenye rejista.

"Barua yako ni ya seventy-nine," Selpher alisema. "Nikahesabu. Si ulisema rules ni rules?"

Oloo alitaka kulia. Selpher akafungua daftari la shule, akapitisha kidole. "Namba arobaini na moja. Barua ya kazi. Imepewa Wamucii wa njugu, soko ya Kangemi, Alhamisi."

Oloo alifika Kangemi na slipa za bafuni. Wamucii alikuwa amekata karatasi zote vipande akazikunja kuwa pakiti za njugu, beseni zima. Naibu mkurugenzi akachuchumaa, akaanza kufungua moja moja, njugu akizimwaga kofiani.

"Mzee, unanunua ama unasoma?"

"Zote mbili!"

Alipata kipande cha "Tunafurahi kukujulisha". Akapata tarehe. Kipande cha sahihi kilikuwa mkononi mwa Wainaina, fundi wa viatu wa pembeni, aliyekuwa akitafuna.

"Wacha! Hiyo ni nyaraka ya serikali!"

"Zii, mzee, hii ni lunch."

Walibadilishana. Wainaina alibaki na njugu zote, kofia ikiwemo.

Jumatatu, mwenyekiti wa jopo, Bi Anita Mungai, aliinua barua iliyoungwa kwa selotepu, akainusa. "Bwana Oloo, hii barua ina chumvi. Tutajuaje imepitia wapi?"

Hakuwa na jinsi. Alitoa daftari la Selpher. Mwenyekiti akasoma ukurasa baada ya ukurasa: tarehe, namba, kitu, aliyepewa. Hata kaptura ya Oloo ya mwaka 1974 ilikuwemo, namba ishirini. Jopo zima likainamia daftari. Oloo aliona aibu na fahari kwa pamoja, na hakujua aanze na ipi.

"Swali la mwisho," mwenyekiti alisema. "Huyu Selpher, mbona hakutuma maombi?"

Cheo alikipata Oloo, kwa kuwa Selpher hakuwa ameomba. Lakini tangu siku hiyo, akitaka hata soksi zake nyumbani, Oloo humjazia Selpher fomu kwanza.