Siku Kumi na Nne za Mwalimu Maximilian

Uongo wa Mwalimu Maximilian ulikuwa wa maneno matatu tu: "Walituzidi kwa kura." Aliusema mara moja, siku aliyorudi kutoka Lusaka, na tangu hapo hakuhitaji kuurudia, maana kijiji kizima kiliurudia kwa niaba yake.

Sasa mwezi wa tano ulikuwa ukingoni, na baridi ya Ufipa ilipenya hata koti lake la sufi. Alikuwa ameketi mstari wa mbele katika ukumbi wa parokia, akisubiri wakulima wamchague tena. Kwa miaka mitatu alikuwa amekalia kiti chao katika baraza la kituo kimoja cha kimataifa cha utafiti wa nafaka. Zamani baraza hilo lilikuwa la maprofesa na wafadhili peke yao. Waliamua ni mbegu gani ichunguzwe katika mashamba ambayo hawakupata kuyakanyaga. Ndipo yalipokuja mageuzi. Wakulima wa nyanda za juu wakapewa kiti, tena kiti chenye meno: jambo likipingwa na mjumbe mmoja tu, sharti lirudi kuchunguzwa upya. Wakamchagua Maximilian kwa kuwa alifundishwa na mapadri, na Kiingereza chake kilikuwa kimenyooka kama suruali yake.

Kule Lusaka, mwenyekiti wa baraza alisoma pendekezo la kufunga utafiti wa ulezi ili nguvu zote ziende kwenye mahindi. Maximilian alikuwa na hoja zake, amezipanga kama matofali. Lakini kwao mzee hadakii neno. Vijana hutangulia, watu wa makamo hufuata, mzee hufunga. Na kikao hakiinuki kabla hajaelekezewa uso ili aseme. Basi akakaa akisubiri kuelekezewa uso. Mwenyekiti aliuliza kama yupo anayepinga, akangoja muda wa pumzi mbili, akasema, "Tumekubaliana," kisha akafunua ukurasa mwingine.

Kosa hilo Mungu angelisamehe, na pengine wakulima pia. Lililomla Maximilian ni la baadaye. Kanuni zilimpa mjumbe siku kumi na nne za kupinga kwa maandishi. Barua ya mistari minne ingetosha. Kila asubuhi alikaa mezani na kalamu, akawaona wale wasomi wakimcheka: mzee alikuwepo, hakuelewa, sasa ndio anaandika. Kalamu ikarudi mfukoni. Siku ya kumi na tano alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo, na wepesi huo ndio uliomtia aibu kuliko yote.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Kalista, akiketi kando yake. Mama huyu ndiye aliyetoa nusu ya shamba lake kwa majaribio ya ulezi mwekundu, mbegu ya mama mkwe wake, ambayo masuke yake hayakukauka hata mwaka ule ugonjwa ulipofagia vijiji jirani. Ulikuwa umebaki msimu mmoja mbegu hiyo ithibitishwe.

"Marahaba, mama. Shamba linaendeleaje?"

"Watu wa kituo wameng'oa vibao vyao vya majaribio. Nimebaki na matuta yangu."

Yusto, mwenyekiti wa kijiji, alisimama akisugua viganja. "Ndugu zangu, tusichelewe. Mwalimu alipambana peke yake na maprofesa ishirini. Mimi nina mke mmoja, na kila siku ananishinda."

Watu wakacheka. Kalista akainuka. "Namtaja Mwalimu Maximilian. Aliyeshindwa baada ya kusema hana aibu."

Hapo Maximilian alisimama, ingawa hakuna aliyemwita. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia kwenye sentensi ile.

"Sikusema," alisema. "Hapakupigwa kura yoyote. Waliuliza nani anapinga, nikanyamaza."

"Mwalimu, unatutania," alisema Yusto.

"Sitanii."

Kalista hakuketi. "Neno moja lingetosha kuwazuia?"

"Lingetosha. Kisha nilipewa siku kumi na nne za kuandika, sikuandika."

"Kwa nini?"

"Niliwaonea haya wale wasomi."

"Na sisi hukutuonea haya?"

Yusto akakohoa. "Mzee ni mzee, jamani. Tuyaache haya."

"Tusiyaache," alisema Kalista.

Hawakuyaacha. Walimuuliza hadi jua likapita utosi, naye akajibu kila swali akiwa amesimama. Kisha wakamchagua Kalista kwa kunyoosha mikono. Alipopita mbele ya Maximilian hakumpa mkono.

"Twende nyumbani kwangu, Mwalimu. Mama mkwe hana miguu ya kuja huku, na anangoja habari. Mimi sitamwambia kwa niaba yako."

Walikwenda hadi uani kwa Kalista. Bibi kizee alikuwa ameegemea ukuta akiota jua, ungo wa ulezi magotini. Alimzidi Maximilian miaka kumi au zaidi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwalimu. Wamekuchagua tena?"

"Hapana," alisema, akavua kofia na kuchuchumaa mbele yake vumbini. "Na wamefanya vema. Ngoja nikueleze."